Louis Leakey na Swali la Kipimo

Utangulizi

Kila mwaka sisi wakufunzi huwafuata walimu wanafunzi wetu katika shule za msingi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Katika ziara moja ya namna hiyo, mjini Tunduma, tuliketi nyuma ya darasa la tano wakati wa somo la historia. Mada ilikuwa zamadamu wa Bonde la Olduvai. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amejiandaa vema: andalio la somo lilikuwa kamili, picha ya fuvu ilichorwa kwa ustadi kwenye karatasi ngumu, na watoto waliitikia kwa pamoja kwamba Dakta Leakey alivumbua fuvu la mtu wa kale mwaka 1959. Ndipo msichana mmoja alipoinua mkono, akataka kujua wataalamu walijuaje kwamba yule alikuwa mtu wala si nyani. Na kama alikuwa mtu, alikuwa mtu kwa kiasi gani. Mwalimu alimwambia aketi, kwa kuwa swali lake halikuwamo katika somo.

Swali hilo lilikuwamo. Tena ndilo lililomshughulisha Leakey mwenyewe kwa zaidi ya miaka 40, na ndilo wataalamu wa viumbe wanalohangaika nalo mpaka leo: kiumbe kinapogeuka kizazi baada ya kizazi, tutapimaje uchangamano wake? Je, tupime ukubwa wa ubongo, au kazi ya mikono, au wingi wa habari alizorithi katika mwili wake? Katika makala haya tutasimulia kwa kifupi maisha ya Louis Leakey tukilifuata swali hilo moja, kisha tutaonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kulifundisha kwa vibuyu, ulezi na mawe.

Mtoto wa Kabete

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Louis alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaijua lugha yao sawa na Kiingereza, akaingizwa katika rika la vijana wenzake, na kwa kufuata desturi yao akajijengea kibanda chake mwenyewe.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 au 13 alipewa zawadi ya kitabu kidogo juu ya watu wa kale wa Uingereza waliotumia zana za mawe. Mtoto akatoka nje kutafuta za kwao. Kitabu kilitaja mawe ya gumegume, naye hakujua gumegume likoje. Akaokota vipande vyeusi ving'aavyo kama chupa, ambavyo ni kioo cha volkano. Wazee wa Kikuyu waliviita nyembe za mizimu. Louis alivipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunza makumbusho ya Nairobi, ambaye alivichunguza na kumthibitishia kwamba baadhi yake ni zana kweli, akamhimiza kuweka kumbukumbu ya kila alichookota. Tunaomba msomaji aukumbuke ushauri huo, maana tutaurudia.

Hapa pana funzo la kwanza kwa mwalimu. Loveridge angeweza kumwambia mtoto yule atupe chupa zake zilizovunjika. Alimpokea, akatazama, akajibu. Leakey mwenyewe baadaye alieleza kwamba njia yake ya maisha ilianza hapo.

Cambridge na Tendaguru

Mwaka 1922 Leakey aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliomba Kikuyu kikubaliwe kuwa mojawapo ya lugha zake za mtihani, na kikakubaliwa. Mwaka 1923 aliumia kichwani katika mchezo wa raga. Maumivu yalikuwa makali hata daktari akamtaka aache masomo kwa mwaka mzima. Msiba huo ulimleta Tanganyika. Mwaka 1924 alijiunga na msafara wa Makumbusho ya Uingereza uliokwenda Tendaguru, katika Lindi, kufukua mifupa ya dinosaria, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamechimba tangu 1909 hadi 1913. Mkuu wa msafara, William Cutler, alimfundisha kufukua mfupa pasipo kuuvunja na kuufunga kwa plasta ili usafirishwe salama. Cutler alifariki kwa malaria mwaka uliofuata. Leakey alirudi Cambridge, akamaliza shahada yake mwaka 1926 kwa daraja la kwanza, na mwaka huohuo akaongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia katika Bonde la Ufa la Kenya.

Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba asili ya binadamu ni Asia. Leakey alishikilia kwamba ni Afrika, kama Charles Darwin alivyokisia mwaka 1871. Mwaka 1931 alifika Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyefanya kazi huko mwaka 1913 na kuamini kwamba hapakuwa na zana za mawe. Leakey aliweka dau la paundi 10 kwamba angeipata zana kabla ya saa 24 kupita. Alishinda: shoka la mkono lilipatikana.

Kosa la Kanam

Mwaka 1932 Leakey alifanya kazi Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya. Kanam palipatikana kipande cha taya, naye akatangaza kwamba ni la binadamu wa kale kupita wote waliojulikana. Mwaka 1933 kamati ya wataalamu ilikutana Cambridge na kumpongeza. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30.

Mtaalamu mmoja wa miamba, Profesa Percy Boswell, hakuridhika. Alitaka kuona kwa macho yake tabaka la udongo lililotoa taya hilo. Leakey akamwalika, na mapema mwaka 1935 wakasimama pamoja kwenye makorongo ya Kanam. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyopigilia kuwa alama vilikuwa vimeng'olewa na kuchukuliwa na watu kwa matumizi yao. Hakuwa na ramani ya kutosha. Na picha aliyoitumia kuwa ya mahali pale ilionekana kuwa ya mahali pengine. Boswell alichapisha taarifa yake mwezi Machi 1935, na sifa ya Leakey ikaanguka. Hata mifupa ya Olduvai ambayo Reck aliifukua mwaka 1913, na ambayo Leakey alikuwa ameitetea kuwa ya kale sana, ilikwisha kuthibitika kuwa ya mtu aliyezikwa baadaye ndani ya tabaka la kale.

Kosa hili lina uzito katika makala yetu. Umri wa kisukuku hutegemea tabaka lilimotoka. Mfupa uliopotezewa mahali pake umepoteza sehemu kubwa ya habari zake, ijapokuwa mfupa wenyewe ungali mkononi. Kwa hiyo habari haimo katika kitu peke yake. Imo pia katika uhusiano wa kitu hicho na vingine vilivyokizunguka. Mtoto aliyehimizwa na Loveridge kuandika kila kitu alisahau kuandika pale ilipompasa zaidi. Kuanzia hapo Leakey na wenzake walirekodi kwa uangalifu mkubwa zaidi, hasa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyefunga naye ndoa mwaka 1936 baada ya Leakey kuachana na mke wake wa kwanza, Frida.

Miaka ya kungoja

Kwa zaidi ya miaka 20 familia ya Leakey ilifanya kazi kwa fedha kidogo. Walifukua Olorgesailie, ambako mashoka ya mkono yametapakaa ardhini kwa mamia. Leakey akawa mtunza makumbusho ya Nairobi, na mwezi Januari 1947 aliitisha mjini humo mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya historia ya kale. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary aliona fuvu la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi kiasi cha miaka milioni 18 iliyopita. Katika kazi hizi walisaidiwa na mafundi Waafrika ambao vitabu vingi huwasahau, akiwamo Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi.

Hatupaswi kuficha upande mwingine. Wakati wa vita vya Mau Mau, Leakey alisimama pamoja na serikali ya kikoloni. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria iliyoanza mwaka 1952, mpaka mawakili wa utetezi walipoitilia shaka haki ya ukalimani wake naye akajitoa. Mtu aliyewajua Wakikuyu kwa lugha na kwa rika hakusimama nao katika saa ile. Mwalimu anayesimulia maisha ya watu mashuhuri awaeleze watoto yote mawili, usomi na upungufu.

Fuvu la mwaka 1959

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini Olduvai kwa homa. Mary alikwenda peke yake na mbwa wao kwenye korongo lililopewa jina la Frida Leakey. Huko aliona mfupa umechomoza, kisha meno mawili makubwa. Ndiye Mary, basi, aliyelivumbua fuvu lile, na walimu wetu wasahihishe jibu ambalo watoto wamelikariri. Vipande vyake vilizidi 400, na kuviunga kulihitaji saburi. Louis akaliita Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu, na Charles Boise alikuwa mfadhili wao. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, yakaonekana kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Safari hii tabaka lilijulikana, na hakuna aliyeweza kusema kama Boswell.

Karibu na fuvu palikuwa na zana za mawe. Louis akatangaza kwamba Zinjanthropus ndiye aliyezitengeneza. Lakini fuvu lilikuwa na matuta ya misuli kama ya sokwe, magego mapana, na ubongo wa kiasi cha sentimita za ujazo 530 tu. Sokwe mtu ana kama 400. Sisi tuna wastani wa kama 1,350.

Mpaka wa 750

Miaka ile palikuwa na kipimo kilichoheshimiwa. Arthur Keith, bingwa wa Uingereza aliyewahi kumlea Leakey kitaaluma, alikuwa ameweka mpaka wa sentimita za ujazo 750: aliye juu yake ni mtu, aliye chini yake ni nyani. Kipimo hicho kilipendwa kwa kuwa ni chepesi. Unajaza fuvu mbegu ndogo, unazimimina katika chombo chenye alama, unasoma namba.

Mwaka 1960 Jonathan, mtoto wa kwanza wa Louis na Mary, alipata Olduvai vipande vya kiumbe mwingine: taya, vipande vya fuvu, na mifupa ya mkono. Meno yalikuwa madogo kuliko ya Zinjanthropus. Ubongo ulikadiriwa na Phillip Tobias kuwa kama 680. Mifupa ya mkono ilichunguzwa na John Napier, naye akaona kwamba ungeweza kushika kwa nguvu na kutengeneza zana. Mwezi Aprili 1964 Leakey, Tobias na Napier walimpa jina Homo habilis, yaani mtu stadi wa mikono, wakamtaja kuwa mtengenezaji wa zana za Olduvai badala ya Zinjanthropus. Ili aingie katika jamii ya watu, ilibidi waushushe mpaka kutoka 750 hadi 600.

Walilaumiwa sana. Wapinzani waliona kwamba kubadilisha mpaka ili mtu wako apate kupita si haki. Lakini Leakey alikuwa na hoja: namba 750 haikutoka katika maumbile, iliwekwa na mtu. Hata miongoni mwetu ubongo hutofautiana mno. Ubongo wa Anatole France, mwandishi wa Ufaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1921, ulikuwa na uzito wa gramu 1,000 na kidogo. Wa Ivan Turgenev, mwandishi wa Urusi, ulikuwa na gramu 2,000 na zaidi. Hakuna asomaye vitabu vyao awezaye kusema kwamba mmoja alikuwa na nusu ya akili ya mwenziwe.

Hata hivyo, kipimo cha mikono nacho kilikuwa na taabu yake. Mwaka 1960 Leakey alimtuma Jane Goodall Gombe, Kigoma, kuwachunguza sokwe mtu. Kabla ya mwaka kwisha, Goodall alimwona sokwe akichuma kijiti, akikitoa majani, akakiingiza katika kichuguu kuvulia mchwa. Kama kutengeneza zana ndiko kunakomfanya mtu kuwa mtu, basi sokwe yule alikuwa mtu. Leakey alikiri mara moja kwamba ama maana ya zana ibadilishwe, ama maana ya mtu.

Louis Leakey alifariki London kwa ugonjwa wa moyo tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Yaliyopatikana baada yake

Mwaka 2003, katika kisiwa cha Flores huko Indonesia, ilipatikana mifupa ya watu wadogo wenye ubongo wa kama sentimita za ujazo 400, sawa na wa sokwe mtu, na pamoja nao zana za mawe. Mpaka wa Keith ungewafukuza. Hata ule wa Leakey. Mwaka 2015 zilitangazwa zana za mawe za miaka milioni 3.3 kutoka magharibi ya Ziwa Turkana, kabla ya mifupa yote ya jamii yetu ya Homo inayojulikana. Mwaka 2023 zikatangazwa zana za Nyayanga, katika rasi ileile ya Homa lilikopatikana taya la Kanam, pamoja na meno ya ndugu wa Zinjanthropus. Huenda basi dhana ya kwanza ya Leakey, aliyoiacha mwenyewe, haikuwa ya kutupwa kabisa.

Nasi wa Songwe tuna yetu. Bonde la ufa la Rukwa, linalopita katika mkoa wetu, lilitoa taya la Rukwapithecus, sokwe wa miaka milioni 25, aliyetangazwa mwaka 2013. Ni wa kale kuliko Proconsul wa Rusinga. Na kwa jirani zetu wa Rukwa, kwenye maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, mwaka 2023 yalitangazwa magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine yapata miaka 476,000 iliyopita. Fuvu la fundi wake halikupatikana. Hatujui ubongo wake ulijaza chupa ngapi, lakini tunajua kwamba alifikiri vipande viwili kwa pamoja, kila kimoja kikimngoja mwenziwe.

Kufundisha swali hili darasani

Zoezi la kwanza: vibuyu na ulezi. Mwalimu alete vibuyu vitatu vya maumbo mbalimbali. Watoto wakadirie kwa macho kipi kinachukua zaidi. Kisha wajaze ulezi na kuumimina katika chupa yenye alama za mililita. Mililita moja ni sawa na sentimita moja ya ujazo. Hivyo chupa ya nusu lita inakaribia ubongo wa Zinjanthropus, na lita moja na theluthi inakaribia wetu. Halafu mwalimu aulize: namba hii imetuambia nini, na nini haikutuambia? Watoto wa Tunduma wanaijua mizani ya malori. Lori la chumvi na lori la vitabu vya shule yanaweza kuwa na uzito mmoja, mizani haitofautishi.

Zoezi la pili: mchezo wa ndiyo na siyo. Watoto 16 wasimame mstari mmoja. Mmoja achaguliwe kwa siri. Anayetafuta aulize maswali ya kujibiwa ndiyo au siyo tu. Akigawa mstari nusu kwa nusu, maswali 4 yanatosha daima. Kwa watoto 32 yatatosha 5. Hiki ndicho kipimo cha habari kilichoelezwa mwaka 1948 na Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani. Swali moja la namna hiyo huitwa biti. Urithi wa viumbe umeandikwa katika DNA kwa herufi nne, kwa hiyo kila herufi huhitaji maswali mawili. Binadamu ana herufi kama bilioni 3, yaani biti bilioni 6.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Kamongo, samaki wa matope anayeliwa sana kando ya Ziwa Victoria, ana jamaa yake ambaye herufi zake zilisomwa zikafika kama bilioni 40, zaidi ya mara kumi ya zetu. Je, kamongo ana uchangamano mara kumi ya mtu? Sehemu kubwa ya herufi hizo ni marudio. Ukurasa uliojaa neno moja unaweza kuelezwa kwa sentensi moja, ujapokuwa mrefu. Na kapu la herufi zilizomwagwa ovyo halielezeki kwa ufupi hata kidogo, lakini halisemi neno. Kwa hiyo wataalamu hawaulizi wingi tu. Huuliza pia ni habari kiasi gani inayofanya kazi katika maisha ya kiumbe.

Zoezi la tatu: hesabu ya maagizo. Watoto wagawanywe katika vikundi. Kundi la kwanza liandike maagizo ya kupata jiwe kali kwa kuligonga jingine. La pili, ya kuchonga jiwe pande zote mbili mpaka zilingane, kama mashoka ya mkono yaonekanayo Isimila karibu na Iringa. La tatu, ya kupachika mpini katika jembe. Wahesabu hatua. Kundi la tatu litagundua kwamba kila hatua ina maagizo mengine ndani yake, maana jembe lenyewe lilifuliwa. Hapo watumwe kwa wazee: Wanyiha na Wafipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuru, na babu anaweza kujua hatua ambazo kitabu hakina.

Mwisho, mwalimu aweke mezani mbegu moja ya haragwe na kuwakumbusha Kimondo cha Mbozi. Kimondo hukadiriwa kuwa na tani 16, na asilimia kama 90 yake ni chuma. Kipande cha upande huu hakitofautiani sana na cha upande ule, na maelezo yake ni mafupi. Haragwe halijazi kiganja, lakini ndani yake mna maagizo ya mzizi, jani, ua na mbegu nyingine. Watoto wajadili kipi kina uchangamano zaidi, na watetee jibu lao kwa kipimo walichokichagua.

Tahadhari mbili. Kwanza, mwalimu asiwafundishe watoto kwamba mageuko ni ngazi ambayo kila kiumbe huipanda. Tegu wa tumboni ametokana na viumbe wenye utumbo, naye hana utumbo tena. Maisha yake hayakuuhitaji. Pili, mtoto atakayeuliza juu ya imani yake asizomewe. Leakey alikuwa mtoto wa wamisionari, naye mwenyewe aliwahi kukusudia kuwa mmisionari. Hakuona kwamba kuuchunguza mwamba ni kumpinga Muumba.

Hitimisho

Leakey alianza na fuvu, akaenda kwenye mkono, akafika kwenye kijiti cha sokwe, na kila mara kipimo chake kilimshinda. Alikibadilisha hadharani, akalaumiwa, akaendelea. Mahali alipoumia zaidi ni pale alipopoteza alama ya alikochukulia kipimo. Sisi walimu tunapima kiumbe kinachogeuka mbele ya macho yetu, siku hadi siku, nasi mara nyingi tuna namba moja tu ya mtihani, iliyowekwa na mtu kama ile 750. Tuandike namba hiyo, na pembeni yake tuandike mtoto aliipata siku gani, kwa swali gani, na nini alichoweza kufanya ambacho mtihani haukuuliza.

Msichana wa Tunduma hakupata alama kwa swali lake siku ile. Baada ya kipindi tulizungumza na mwalimu mwanafunzi, naye wiki iliyofuata alirudi darasani na vibuyu vitatu na kopo la ulezi, akamwita yule msichana awe wa kwanza kumimina.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Andaa somo la dakika 40 juu ya Olduvai ambalo swali lake kuu ni namna ya kujua, na tarehe zije baadaye.
2. Chagua kazi moja ya mikono ifanywayo kijijini kwako. Andika maagizo yake yote, mpe mtu asiyeijua ayafuate, kisha onyesha hatua ulizozisahau.
3. Eleza kwa nini taya la Kanam lilipoteza thamani yake ijapokuwa lilihifadhiwa salama. Toa mfano wa kumbukumbu ya shule inayoweza kupoteza thamani kwa njia hiyohiyo.